Kabla hujajiita mpanga mikakati wa 2027, soma kisa cha James Carville

Kama una wafuasi elfu tano kwenda juu mtandaoni, simu yako imeshaanza kulia, na kama bado, iko karibu. Atakuwa msee mnayejuana juu juu tu, pengine mlisoma naye. Atakuuliza unaendeleaje, kama bado uko mtaani, kisha atateremsha sauti: "Kuna mheshimiwa anatafuta vijana wa mtandao. Pesa iko."

Usishangae. Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Ukijumlisha urais, magavana 47, maseneta 47, wawakilishi wa kike 47, wabunge 290 na MCA 1,450, viti vya kugombaniwa ni 1,882. Kila kiti kitakuwa na wawaniaji wake, na kila mwaniaji atataka kikosi. Ndiyo maana siku hizi mitandao imejaa vijana waliojiandika kwenye wasifu wao kuwa ni wapanga mikakati wa siasa. Wengine kazi yao ni kuposti picha ya mheshimiwa akinywa chai kibandani.

Mimi pia niliwahi kujiita hivyo. Yaliyonipata nitakuambia baadaye, maana hayapendezi. Kwanza wacha nikupe kisa cha mtu aliyeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 40, akaiinua hadi ikawa na jina na heshima yake. Anaitwa James Carville, na ndiye aliyemsaidia Bill Clinton kuingia Ikulu ya Marekani mwaka wa 1992. Ukielewa maisha yake utaelewa kazi yenyewe, utamu wake na ubaya wake.

Alifukuzwa chuo

Carville alizaliwa Oktoba 1944 katika kambi ya jeshi ya Fort Benning, jimbo la Georgia, akalelewa katika kijiji kidogo cha Louisiana, kusini mwa Marekani. Kijiji hicho pia kinaitwa Carville, jina lililotokana na ukoo wao. Usidhani walikuwa mabwanyenye. Babake alikuwa na duka na akisimamia posta ya hapo. Mamake alilea watoto wanane, na juu ya hayo akawa anauza vitabu vya ensaiklopidia mlango kwa mlango.

Kumbuka hiyo kazi ya mama. Mtu anayeuza vitabu vya bei ghali kwa watu wa kijijini lazima ajifunze haraka ni nani atafungua mlango, nani atanunua, na nani atampotezea muda. Hapo ndipo penye mzizi wa kampeni yoyote duniani.

Carville akaingia Chuo Kikuu cha Louisiana State. Akacheza, alama zikaanguka, akafukuzwa. Akaenda kujiunga na Marines, akakaa jeshini miaka miwili, kisha akarudi chuo kile kile. Shahada ya kwanza alipata mwaka wa 1970 akiwa na miaka 25, ya sheria mwaka wa 1973.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilitabasamu peke yangu kwa matatu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nimechoka kuulizwa na kina anti kila Krismasi kama nitarudi. Nikasema hatimaye nimepata shujaa wangu. Halafu nikasoma tena pole pole: huyu jamaa alirudi. Kwa hivyo tukome kumtaja kama kisingizio, mimi na wewe.

Kupoteza, tena na tena

Baada ya sheria alifanya kazi ya uwakili miaka michache, akaona haimfai. Akaingia siasa za kuajiriwa: mgombea anakulipa, unampangia kampeni, uchaguzi ukiisha unatafuta mwingine. Mwaka wa 1982 alisimamia kampeni ya useneti Virginia, mtu wake akaanguka. Mwaka wa 1984 akahamia Texas, kampeni nyingine ya useneti, mtu wake akaanguka tena, na mara hii vibaya sana.

Sasa jiweke kwa viatu vyake. Una miaka 40. Wenzako uliosoma nao sheria wana ofisi na magari. Wewe una mabegi, na rekodi yako ni ya kushindwa. Katika kazi hii hakuna cheti cha kumuonyesha mtu, matokeo ndiyo cheti. Mgombea anayekuhoji atauliza jambo moja tu: ulishindisha nani?

Jibu alilipata mwaka wa 1986, akiwa na miaka 42. Alimpangia kampeni Bob Casey, aliyekuwa akiutaka ugavana wa Pennsylvania. Casey mwenyewe alikuwa ameshajaribu mara tatu na kuangushwa katika mchujo wa chama chake. Watu wawili waliozoea kupoteza wakakutana, wakashinda.

Lakini angalia walivyoshinda. Siku za mwisho, kampeni ya Casey ilipeleka kwenye televisheni tangazo lililomkumbusha mpiga kura kwamba mpinzani wao, Bill Scranton, katika ujana wake alikuwa na nywele ndefu na akipenda mambo ya kutafakari kwa mtindo wa Kihindi. Nyuma yake ukasikika muziki wa sitar. Hakukuwa na sera hata moja pale, ilikuwa kumchora mtu kama kituko. Lile tangazo linazungumziwa mpaka leo.

Kwa hivyo ushindi wa kwanza wa maisha yake tayari ulikuwa na pande zote mbili za kazi hii. Upande mmoja ni uvumilivu. Upande wa pili ni kujua kisu kinakata wapi.

Chumba kimoja, sentensi tatu

Mwaka wa 1991 kiti cha useneti cha Pennsylvania kiliachwa wazi baada ya aliyekikalia kufariki katika ajali ya ndege. Harris Wofford, mtu ambaye wengi hawakumjua, akasimama dhidi ya Dick Thornburgh, aliyekuwa gavana wa zamani na mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani. Kura za maoni zilimuonyesha Wofford nyuma kwa zaidi ya pointi 40. Carville na mwenzake Paul Begala wakaamua mgombea wao atashikilia suala moja ambalo watu walikuwa wakililia nyumbani lakini wanasiasa hawalisemi kwa sauti: gharama ya matibabu. Novemba ilipofika Wofford alishinda kwa tofauti ya pointi 10. Nchi nzima ikauliza, hawa vijana ni nani?

Clinton akawachukua. Na wakati huo kumwangusha Rais George Bush kulionekana ni ndoto. Mwanzoni mwa 1991, baada ya vita vya Ghuba, karibu Wamarekani tisa kati ya kumi walisema wanaridhika na kazi yake. Lakini uchumi ulikuwa umeyumba na watu walikuwa wanapoteza kazi.

Kule Little Rock, Arkansas, timu ya Clinton ikakodi nafasi katika jengo la gazeti la zamani na kuweka chumba kimoja kikubwa walichokiita chumba cha vita. Ukutani Carville akabandika mistari mitatu. Kwa Kiswahili chetu ni hivi: mabadiliko dhidi ya yale yale, uchumi, mjinga wewe, usisahau matibabu.

Wengi wanajua ule wa katikati tu, na wanadhani ni tusi kwa mpiga kura. Hapana. Lilikuwa tusi kwa wafanyakazi wa kampeni wenyewe, ili mtu yeyote akitaka kuropoka jambo lingine kwa wanahabari, ainue macho aone ukuta unamwambia nini. Novemba 1992 Clinton alishinda kwa asilimia 43 ya kura, Bush akapata kama 37, na tajiri Ross Perot akachukua karibu 19. Kuna filamu ya hali halisi ya 1993 kuhusu chumba hicho, The War Room. Ukiwa na bando, itazame. Utaona watu waliochoka, simu zinalia, na jamaa mmoja mwembamba mwenye kipara akipiga kelele. Huyo ndiye Carville.

Sasa tuilete kwa ground

Ukichambua alichofanya, kazi ya mpanga mikakati ni mambo matatu. Wacha nikuonyeshe kwa mifano ya hapa kwetu.

La kwanza ni hesabu. Mwaka wa 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Toa simu upige hesabu: tofauti ni kama kura tano kwa kila kituo. Yaani watu watatu tu wakibadilisha mawazo katika kila kituo, leo tungekuwa tunaongea mengine. Na watu zaidi ya milioni saba waliosajiliwa hawakutokea kabisa siku hiyo.

Mtu wa kawaida anaona umati Kasarani anasema tumeshinda. Mpanga mikakati anauliza: hao wamesajiliwa wapi? Watafika kituoni nani akiwapeleka? Umati wa kubebwa kwa basi kutoka kaunti nyingine ni picha nzuri, lakini picha haipigi kura.

La pili ni sentensi. Kampeni nzima inafaa iingie kwa sentensi moja ambayo mama mboga anaweza kumwambia mteja huku akikata sukuma. Kumbuka kura ya maamuzi ya Novemba 2005, au muulize mzazi wako. Tume ya uchaguzi iliwapa waliounga mkono rasimu ya katiba alama ya ndizi, waliopinga wakapewa chungwa. Katiba ina kurasa chungu nzima, lakini mwishowe watu waliulizana swali moja tu: wewe ni ndizi au chungwa? Chungwa likashinda kwa asilimia 58, na lile tunda likageuka kuwa chama, ODM.

Mwaka wa 2013 mchambuzi Mutahi Ngunyi alikuja na maneno yake ya ubabe wa idadi, kwamba kwa kuangalia usajili tu, uchaguzi umeshaamuliwa kabla ya kura kupigwa. Ukubali usikubali, yale maneno yalikaa vichwani. Mwaka wa 2022 likaja hasla na wilibaro. Hapo nyuma siasa zetu zilikuwa zinauliza wewe ni kabila gani. Mara hii wakauliza wewe ni hasla au ni wa ukoo mkubwa? Ni ule ule ukuta wa Little Rock: uchumi, mjinga wewe. Kijana wa boda hakuhitaji kufafanuliwa.

La tatu ni mwendo. Chumba cha vita cha Clinton kilisifika kwa sababu shambulio la asubuhi lilijibiwa kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Leo jioni ni mbali sana. Uongo ukianza kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa saa mbili usiku, saa tatu umeshafika kwa mamako kule ushago. Ndiyo maana wanakutafuta wewe mwenye simu na usingizi mchache.

Wageni walipotua hapa

Usifikiri watu wa aina ya Carville ni wa Marekani tu. Hapa kwetu wametua.

Novemba 2007 Dick Morris, aliyemshauri Clinton kwa uchaguzi wa 1996, alitokea Nairobi kando ya Raila na kusema anasaidia ODM bila malipo. Kukazuka maswali kuhusu kibali chake cha kazi, akaondoka. Agosti 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, washauri wawili wa kampuni ya Aristotle waliokuwa wakisaidia NASA, Mmarekani na Mkanada, walikamatwa na kufukuzwa nchini.

Halafu kuna Cambridge Analytica. Machi 2018 kituo cha Uingereza cha Channel 4 kilionyesha video za kamera ya siri ambapo mkubwa mmoja wa kampuni hiyo anajigamba kuhusu kazi yao Kenya katika 2013 na 2017: kwamba walikipa chama sura mpya mara mbili, wakaandika manifesto, wakafanya utafiti wa watu 50,000 mara mbili. Chama cha Jubilee kilisema kazi iliyofanywa ilikuwa ya kuboresha nembo na sura tu. Mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ikafunga milango.

Iwe walifanya yote waliyojigamba nayo au nusu yake, jambo moja lilinigusa. Walikuwa wanatuongelea kama wateja wa sabuni. Na wenye kuzungumza walikuwa watu ambao matokeo ya kazi yao hawangeyaishi. Uchaguzi ukiharibika, wao wana tiketi ya ndege.

Bolivia, kisa wasichopenda kukisimulia

Baada ya Clinton, Carville aligeuka mtu mashuhuri. Mwaka wa 1993 alimuoa Mary Matalin, mwanamke aliyekuwa katika kampeni ya Bush, ndio, upande wa pili kabisa. Akaandika vitabu, akazoeleka televisheni, na yeye na wenzake wakaanza kuuza ujuzi wao nje ya Marekani. Mwaka wa 1999 walikuwa upande wa Ehud Barak alipomwangusha Benjamin Netanyahu kule Israel.

Mwaka wa 2002 kampuni yake na wenzake, Greenberg Carville Shrum, ikaajiriwa Bolivia, Amerika Kusini, na Gonzalo Sánchez de Lozada. Huyu alikuwa tajiri, alishakuwa rais hapo awali, na wengi walikuwa wamemchoka. Washauri wakafanya yale wanayoyajua. Wakapima maoni, wakagundua watu wana hofu na uchumi, wakaamua sentensi ya kampeni ni kwamba nchi iko kwenye janga na huyu mzee ndiye pekee anayeweza kulitatua. Aliyekuwa akiongoza, Manfred Reyes Villa, wakamshambulia mpaka akashuka.

Ilifanya kazi. Sánchez de Lozada akawa wa kwanza kwa asilimia 22 hivi. Evo Morales, kiongozi wa wakulima wa koka, akamfuata kwa karibu 21, na Reyes Villa naye akawa pale pale. Bunge likamwapisha Sánchez de Lozada Agosti 2002. Washauri wakafunga mabegi.

Hebu fikiria. Una rais ambaye karibu watu wanane kati ya kumi hawakumchagua. Ameahidi kutatua janga ambalo hana dawa yake. Oktoba 2003 wananchi wakaingia barabarani kupinga mpango wa kuuza gesi ya nchi nje. Wanajeshi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 17 mwezi huo rais akajiuzulu na kukimbilia Marekani. Miezi 14 tu tangu aapishwe. Filamu ya 2005 iitwayo Our Brand Is Crisis inaonyesha kampeni yenyewe kutoka ndani, na inatisha kwa sababu hakuna jambazi pale. Ni watu werevu, wanaoamini wanachofanya, wakifanya kazi yao vizuri.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Kazi ya mpanga mikakati inaisha siku ya kura. Ya mpiga kura inaanza siku hiyo hiyo, na inachukua miaka mitano.

Sihitaji kukukumbusha Juni 25, 2024. Pengine ulikuwa Moi Avenue, pengine ulikuwa nyumbani ukitazama kwa simu vijana wakiingia Bunge kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya miezi ile. Kenya si Bolivia na sisemi visa hivi viwili ni pacha. Lakini miezi 21 kabla ya siku hiyo, serikali iliapishwa ikibebwa na sentensi kuhusu mtu wa chini na mfuko wake. Sentensi ikiwa tamu hivyo, watu huikumbuka. Na siku wakiona kinyume chake kwenye payslip na kwenye bei ya mkate, hawaendi kumtafuta aliyeitunga. Wanaenda barabarani, na wanaoenda ni sisi.

Bango langu

Sasa yangu. Mwaka wa 2022 nilikuwa katika kikosi cha mwaniaji mmoja wa MCA, wadi moja ya Eastlands. Tulikuwa sita ndani ya bedsitter, chaja moja ya kugombania, na ahadi ya Sh1,000 kwa siku kila mmoja. Kazi ilikuwa kuposti, kujibu wapinzani na kuingia kwenye magrupu ya mtaa tukijifanya wakazi wa kawaida.

Usiku wa kuamkia kura tuliambiwa tutengeneze bango. Picha ya mpinzani wetu, mwalimu mmoja wa chekechea, rangi za chama chake, na maandishi kwamba amejiondoa na anaomba watu wake wampigie mwingine. Nililitengeneza mimi, kwa simu, dakika 20. Nilikuwa najivunia vile nembo ilitoshea.

Kesho yake mwalimu akaanguka. Mtu wetu naye akaanguka, na mtu wa tatu akachukua kiti. Simu ya mheshimiwa ikawa mteja hapatikani. Katika siku 41 nilizofanya kazi, nililipwa 9.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na huyo mwalimu kwa mama mboga. Hakunijua. Watu walikuwa wanaongea siasa, akasema kwa upole tu kwamba siku ya kura maajenti wake wa vituo viwili waliondoka saa tatu asubuhi kwa sababu waliona kwa WhatsApp amejiondoa. Walikasirika kwamba hakuwaambia kwanza. Mmoja mpaka leo hawasalimiani.

Nilinunua nyanya nikaenda zangu. Sikumwambia. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikiifuta, lakini wacha ibaki: lile bango ndilo jambo pekee nililofanya kwenye kampeni ile lililoleta matokeo.

Kama bado unaitaka hii kazi

Sisemi usiifanye. Kazi ni kazi, na siasa ikiachiwa wasiojali, sisi ndio tutaumia. Lakini simu ikilia, ingia ukijua.

Jifunze hesabu kabla ya kujifunza kuposti. Fomu 34A za urais za 2022 IEBC iliziweka mtandaoni, kituo kwa kituo. Anza na wadi yako. Nani alishinda kituo gani, kwa kura ngapi, na wangapi hawakutokea? Kijana anayejua hayo kichwani ana thamani kuliko mwenye wafuasi elfu hamsini wa kaunti nyingine.

Taka makubaliano kwa maandishi, na malipo ya kila wiki. Mheshimiwa anayesema "tutaongea baada ya kura" anakuambia ukweli kwa bahati mbaya: baada ya kura ndipo mtaongea, na hatashika simu.

Jua anayekushauri analipwaje. Kule Marekani washauri wengi wamezoea kukatiwa asilimia ya pesa za matangazo, kwa hivyo ushauri wao wa kwanza huwa ni kununua matangazo zaidi. Hapa kwetu, anayepata pesa kwa kuchapisha fulana ataapa kwamba fulana ndizo zitashinda.

Chora mstari wako mapema, ukiwa umelala na kushiba. Usiku wa kuamkia kura, ukiwa na njaa na watu sita chumbani wanakungojea, hautauchora. Mimi sikuuchora.

Na muulize mgombea swali ambalo hakuna aliyemuuliza mzee wa Bolivia kwa nguvu ya kutosha: ukishinda, mwezi wa kwanza utafanya nini kuhusu hii sentensi tunayotaka kuuza? Akikujibu kwa sentensi ile ile, rudisha simu mfukoni.

Carville bado yuko. Oktoba 2024, mwezi aliotimiza miaka 80, aliandika kwenye The New York Times kwamba ana hakika Kamala Harris atashinda. Donald Trump akashinda. Miezi miwili hivi baadaye aliandika tena kwenye gazeti lile lile, akakiri kwamba alikosea, na akarudi kwenye jibu lake la zamani: uchumi. Mtu wa miaka 40 kwenye kazi, na bado mpiga kura alimfunza.

Hilo ndilo linalonipa moyo. Wana utafiti, wana mabango, wana pesa ya kutununua kwa Sh1,000 kwa siku. Lakini mwishowe watu watatu katika kila kituo ndio wanaoamua, na hao watatu wanaweza kuwa wewe, mimi na yule mwalimu.

Kwa hivyo msee akipiga na kusema pesa iko, muulize mambo mawili: iko wapi, na ni ya kufanya nini. Halafu nyamaza usikie.